Ua Kavu Kutoka Australia

Binti yetu alifia Australia, alikokwenda kusomea mimea ya ardhi yenye majimaji. Katika vitu vyake vilivyotufikia Newala mlikuwa na daftari, na ndani yake ua dogo la rangi ya zambarau, limekaushwa na kubandikwa. Pembeni aliandika: "Huota penye maji mwaka mzima. Mama asingeamini." Nilimwelewa, kwani kwetu maji ni ya taabu. Utotoni aliteremka bondeni na mama yake kuchota maji, kisha wakaupanda mlima wa Kitangari wakiwa na ndoo kichwani.

Majirani waliokuja kutupa pole walisema kwamba mmea uliotoka mbali vile haukosi kuwa dawa. Niliwauliza nani amethibitisha.

Siku moja nilirudi kutoka Masasi nikalikuta daftari wazi, ua halipo. Mke wangu alikuwa ameketi na kikombe kitupu mkononi.

"Kwa hiyo umekunywa maneno ya majirani?" nilimkemea. "Lile si dawa!"

"Najua si dawa, baba wa watoto. Wewe umesoma, umebaki na maandishi yake. Mimi sijui kusoma. Nilitaka na mimi nibaki na kitu chake, ndani yangu."

Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nyingi, peke yangu, kimya. Sikuwahi kumwambia kwamba ametajwa humo. Nilivaa miwani, nikamsomea.

"Rudia hapo kwenye Mama," alisema.

Nilikishika kidole chake, nikakiweka juu ya neno lile, nikarudia.