Niliziba matundu ya hewa chumbani kwa dada ili mtoto asivute moshi, nusura niwaue wote wawili

Wakuu, hodi humu ndani.

Huwa nasoma tu nyuzi zenu, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole, mnivumilie. Haya nimeyaona kwa macho, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu.

Natokea Mwazye, Kalambo, mkoani Rukwa. Huku Ufipa ni juu, mwezi wa saba upepo unapiga hadi masikio yanauma. Najua mtu akisikia Rukwa anawaza radi na uchawi. Subirini, uchawi nao utakuja.

Dada yangu Sesilia alikuja kujifungulia kwa mama, mtoto wake wa kwanza. Kwetu mzazi anakaa ndani kwenye joto, anakunywa uji wa ulezi, na mlango haufunguliwi hovyo.

Shida ilikuwa moja. Chumba chake kimepakana na jiko la kuni, na ukuta wa katikati haukufika kwenye bati. Moshi ulipita juu, mtoto akawa anakohoa.

Siku ya kliniki nesi akamwambia mama, "Huyu mtoto mtoeni kwenye moshi."

Neno hilo lilinikaa. Mimi ni mtu wa aibu, maneno sina, ila huwa nasaidia mafundi ujenzi. Nikakanda udongo, nikapandisha ukuta hadi kwenye bati. Nikaziba matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Dirisha lenyewe nikaligongelea kiroba, na chini ya mlango nikasukumia blanketi kuukuu. Halafu tukamwekea dada jiko la mkaa, kwa sababu mkaa ukishakolea hauna moshi.

Mama alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi. "Kumbe una akili! Ulikuwa umeificha wapi?"

Wakuu, siku nzima nilitembea natabasamu peke yangu.

Kesho yake mama akaweka boksi la vifaranga mle ndani wapate joto. Mchana tukakuta wanne wamekufa. Mama akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Dada naye akalalamika kichwa kinamgonga na tumbo linachafuka. Mama akasema ni uchovu wa uzazi, akaongeza mkaa.

Hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo. Vifaranga walishatuambia.

Jumapili tulienda misa, dada akabaki na mtoto. Tuliporudi nikabisha hodi. Dada ana utani wake, kila nikibisha hujibu, "Pita, bubu wangu."

Siku hiyo kimya.

Nikasukuma mlango, blanketi likakwama. Nikausukuma kwa bega. Dada alikuwa sakafuni, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. Mtoto kitandani, amelegea kama kitambaa kilicholowa maji. Na jiko linawaka vizuri, jekundu, halina moshi hata kidogo.

Mama akapiga yowe, "Wamemroga mwanangu!"

Jirani yetu, bibi mmoja mjane tunayemwita Bibi Kosta, akaingia mbio. "Utalia baadaye! Watoe nje!"

Tukawatoa hadi uani. Upepo ule ule tuliokuwa tunaukimbia ukawapiga usoni. Mtoto akapiga chafya, akalia. Dada akatapika, akafumbua macho, akanitazama. "Huyu ni nani?" Mimi, mdogo wake!

Zahanati nesi alikuwa yule yule. Akauliza kuhusu jiko, akauliza kuhusu madirisha. Mama akanigeukia. Nikasema niliziba mimi, kwa sababu alituambia habari ya moshi.

"Nilisema mtoeni mtoto," akajibu taratibu. "Sikusema mfungieni." Akatueleza kwamba mkaa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. "Moshi unakukera, unakimbia. Hii inakubembeleza, unalala."

Wakapelekwa hospitali mjini Sumbawanga, wakawekewa hewa ya oksijeni. Baada ya siku mbili waliruhusiwa.

Tukadhani yameisha. Kumbe tulipokuwa hospitali watu walishapata mchawi. Ni Bibi Kosta, eti kwa sababu Jumamosi alileta unga wa ulezi. Uani palijaa watu, na yeye amekaa kwenye kigoda, wamemzunguka. Mtu aliyewaokoa!

Sijawahi kusema mbele ya watu, hata shuleni. Niliingia chumbani, nikang'oa kile kiroba dirishani, nikakitupa katikati yao.

"Mchawi ni huyu," nikasema. "Na aliyemleta ni mimi."

Nikaeleza yote kwa kigugumizi. Wengine waliguna. Ila mama alikwenda akapiga magoti mbele ya Bibi Kosta.

Sasa matundu yako wazi na jiko linakaa nje. Mtoto tunamvalisha kofia na sweta mbili, analala kifuani kwa mama yake. Bibi Kosta ndiye anayemwogesha.

Nilichojifunza: hewa ya ndani usiipime kwa pua peke yake. Kutokuwa na moshi si usalama, na baridi ya dirishani ina afadhali.

Ninyi wa Njombe, Makete na kwingine kwenye baridi, mzazi mnampaje joto? Nifundisheni, na ukinilaumu nitapokea.

Dada anasoma hapa pembeni yangu. Anasema jina la bubu amelifuta.