Vijitonge vya Karanga za Mbegu

Nilitwanga mbegu za karanga za mama. Naanza kulisema jambo hili mwenyewe kwa sababu shangazi yangu amekwisha kuieneza habari hii kwa namna yake, na katika masimulizi yake mimi nina pembe na mkia.

Mama alikuwa amekwenda msibani Bugomora. Baba yuko kazini Mwanza, kama kawaida yake. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliye likizo, niliachiwa wadogo zangu wawili, mkungu wa ndizi na maharage. Siku ya kwanza tulikula ndizi na maharage. Siku ya pili, ili kubadilisha, tulikula maharage na ndizi. Mdogo wangu wa kike, ambaye yuko darasa la pili na ana ulimi wa hakimu, alisukuma sahani yake akaniuliza kama najua kupika kitu kingine au nimesomea hicho tu.

Kwenye duka moja kule Rubwera niliwahi kuona vijitonge vya siagi ya karanga. Muuzaji aliniambia havipikwi: karanga zilizotwangwa, asali, biskuti zilizopondwa, unaviringisha kwa viganja, basi. Asali tulikuwa nayo. Biskuti zilikuwepo, zile ambazo mama huwafichia wageni na sisi sote tunajua zilipo. Karanga za kula ndizo zilizokuwa zimekwisha.

Sasa, kila mtoto wa huku anajua kwamba kilichofungwa kwa maganda makavu ya mgomba na kuning'inizwa juu ya mafiga, kwenye moshi, ni mbegu. Haiguswi. Unaweza kulala na njaa chini yake ukiitazama hadi asubuhi. Nilijua. Nilijiambia tu kwamba kitita ni kikubwa, nitachomoa kidogo. Lakini ukishafungua fundo, kidogo hakina mwisho.

Na hazikuwa karanga za hivi hivi. Mama alikuja nazo kutoka kwao Muleba alipoolewa, nyekundu, ndogo, zenye michirizi myeupe, na kila msimu amekuwa akizipanda na kubakiza mbegu. Kibanja, shamba linalozunguka nyumba, ni cha baba, migomba ni ya baba, kahawa ni ya baba. Lile shamba la karanga kule kwenye nyasi, nje ya migomba, ndilo la mama peke yake. Mvua zilikuwa zimeanza. Alipanga kupanda Jumamosi.

Basi nikabangua, nikakaanga.

"Kaka," yule hakimu akauliza, "si ulisema havipikwi? Mbona moshi?"

"Huo ni moshi wa karanga. Vijitonge bado havijazaliwa."

Kutwanga karanga mpaka zitoe mafuta si mchezo. Zinaanza kama mchanga, zinakuwa tope, zinagoma kabisa, halafu ghafla zinalainika na kung'aa. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kinu, jasho linatiririka, kanga ya mama kiunoni kwa sababu suruali safi ilikuwa moja tu, shangazi alipoingia.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alinizunguka kwanza, kama mtu anayetaka kununua mbuzi.

"Waitu!" akashangaa kwa Kihaya. "Umeolewa lini?"

"Jumapili, shangazi. Kadi hukupata?"

"Mwanamume mzima umepiga magoti kwenye kinu! Baba yako akisikia je?"

"Akisikia atauliza kama amebakiziwa."

Wadogo zangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinua macho juu ya mafiga, ambako maganda ya mgomba yalikuwa yananing'inia wazi kama soksi ya marehemu.

"Hizo karanga umezitoa wapi?"

Nikasogeza ungo wa maganda nyuma yangu. Akauona, akaelewa.

"Umekula shamba la mama yako," akasema taratibu.

Hapo utani ulinitoka. Nilitazama ndani ya kinu na kwa mara ya kwanza nikaona ile ardhi kule kwenye nyasi, imelimwa, imelowa mvua, na mama amesimama katikati yake mikono mitupu.

"Wamwagie kuku," shangazi akasema. "Mama yako akirudi, sema ni panya."

"Panya gani anafungua fundo, anabangua, halafu anapanga maganda kwenye ungo?"

"Basi nitamwambia mimi. Nitamwambia ndiyo matokeo ya kuacha mwanamume azoee jiko."

"Ningekuwa msichana ningetwanga zilezile, shangazi. Kosa ni mbegu. Kinu hakina kosa. Simwagi kitu, na kumwambia nitamwambia mwenyewe."

Akaniangalia sana. Nami nikaendelea kutwanga, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Baadaye nilimfuata mlangoni nikamuuliza kama ana mbegu. Anazo. Nikamwomba. Macho yake yakaenda uani, kwa jogoo wangu niliyemlea tangu akiwa kifaranga, jogoo mwenye kiburi kuliko mimi, anayewika saa anayotaka yeye.

"Mbegu haziokotwi," akasema.

Mchana huo akaniletea kikapu cha karanga zenye maganda yake, akaondoka na jogoo kwapani. Akiwa anatoka, akachukua kijitonge kimoja, "nionje huo ujinga." Alipofika kwenye migomba akarudi kuchukua kingine.

Mama alirudi kesho yake kwa bodaboda, matope hadi magotini. Sikumpa nafasi ya kukaa.

"Shikamoo, mama. Nilitwanga mbegu zako zote. Nimetafuta nyingine, hizi hapa, si zile za kwenu. Na vijitonge ni hivi. Ukitaka kunichapa, fimbo iko nyuma ya mlango. Lakini kutwanga sitaacha, hata shangazi akiitisha kikao cha ukoo."

 Mama alitazama juu ya mafiga, kisha akakaa kwenye kigoda na kujifuta uso kwa ncha ya kanga. Ningependa angepiga kelele.

"Mama, onja," mdogo wangu wa kike akasema, akisukuma sahani. "Ni vitamu. Halafu ndiyo umchape."

Mama hakugusa sahani. Alichukua karanga moja kwenye kikapu cha shangazi, akaivunja ganda kwa kidole gumba. Akavunja ya pili. Akaniuliza zimetoka kwa nani, na nimezitolea nini. Nikamweleza, na habari ya jogoo. Akainua kiganja kuelekea mlangoni ili mwanga uzipate vizuri: nyekundu, ndogo, zenye michirizi myeupe.

Ndipo akachukua kijitonge, akakila polepole mpaka mwisho, akalamba kidole, akasema:

"Mwaka aliokosa mbegu shangazi yako, hizi nilimpa mimi, bure, kwa mkono huu. Nenda kamwambie nimeziona na nimezitambua, na jogoo awe hapa kabla sijavua kanga ya msiba. Jumamosi utapanda wewe, mstari kwa mstari, mimi nimekaa. Na kitu hiki usikirudie mpaka tuvune. Tukivuna utatwanga tena, na mlango wa jiko uuache wazi, apitaye aone."