Wageni wa Saitoti

Leo nimeumbuka dukani kwangu, jamani, na bado nashukuru.

Nauza mashuka ya Kimasai hapa Karatu. Mwezi uliopita nilimwazima riwaya Saitoti, mteja wangu wa Malambo. Nikamwambia, "Nimeisoma yote, tamu balaa!"

Uongo. Niliishia ukurasa wa arobaini. (Wenzangu mjitokeze kwenye komenti.)

Leo kaja. Salamu za Kimasai mnazijua: kwanza habari zote, za mvua, za ng'ombe, za watu.

"Yule mjane amerudishiwa shamba. Ila mtoto wake hatunaye tena."

Nikashika kifua. "Pole sana! Ni majirani zenu?"

Akanitazama.

"Dada, si wale wa kwenye kitabu chako?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe kila jioni alikuwa anawasomea watu wa bomani kwao, anamtafsiria mama yake. Mama alimlilia yule mtoto siku mbili. Mimi niliona riwaya imepooza!

Hakunicheka. Akanirudishia kitabu, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Mama anakushukuru kwa wageni uliotuletea."

Nimefunga duka mapema. Niko ukurasa wa tisini, nalia peke yangu, na mtoto bado mzima.