Reli Kwenye Chumba cha Mahindi

Ezron Haonga hakuwahi kuwaheshimu watu wa malori. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa reli, kwenye stesheni ndogo kati ya Vwawa na Tunduma, na kazi yake ilikuwa kubadilisha njia na kuinua bendera. Akiwa pale aliweza kuiona barabara kuu, na barabarani foleni ya malori ikisubiri mpaka, madereva wamejilaza chini ya matela wakichemsha chai. "Wale ndio wasafirishaji," alizoea kusema. "Nioneshe kinachosafiri." Treni ilipopita aliinua bendera ya kijani na kulivuta tumbo ndani, na mtu asiyejua angedhani yeye ndiye aliyeisukuma.

Alipostaafu akahamia Tunduma yenyewe, kwenye nyumba yake ya vyumba vinne juu ya barabara, akagundua kwamba hakuna mtu anayemuuliza treni inafika saa ngapi. Wastaafu wenzake aliwatazama kwa wiki chache na kuwamaliza wote. Mmoja alifuga vifaranga wakafa kabla hawajaota manyoya, akafuga wengine. Mwingine alishinda kwenye bao, akishindwa, kila siku kwa namna ileile. Wa tatu alikuwa mshauri. Aliwashauri watu namna ya kujenga, na nyumba yake mwenyewe ilivuja. Ezron hakuona hata mmoja wa kumpa kiti.

Wazo lilimjia upande wa Nakonde, alikovuka kununua sabuni. Mama mmoja wa Kizambia alikuwa amepanga vitu vya kuchezea juu ya turubai, na katikati yake kulikuwa na boksi lenye kichwa cha treni, mabehewa mawili na duara la reli za plastiki. Ezron alilichukua, akasoma maandishi yote ya ubavuni.

"Mukwai, mzee wangu, hiyo ni ya mtoto wa miaka mitatu," yule mama alimwambia kwa upole. "Wako ana miaka mingapi?"

"Mtoto wa miaka mitatu anajua nini kuhusu reli?" Ezron alijibu.

Alinunua boksi moja. Wiki iliyofuata akarudi kununua manne, na yule mama hakuuliza tena umri.

Alichotaka kujenga ni reli yenyewe, kuanzia milima ya Mlimba mpaka Tunduma, yenye madaraja, handaki, ishara za njia na stesheni. Kwa hilo alihitaji chumba. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja tu ambacho hakilali mtu, nacho kilikuwa cha mahindi. Mkewe Tumpale, mwanamke wa milimani Ileje aliyelima shamba lao la kando ya njia ya Vwawa tangu Ezron akiwa bado anainua bendera, alihifadhi humo magunia ishirini na kitu kila msimu. Mahindi hayo ndiyo yaliyolisha nyumba hiyo na ndiyo yaliyomsomesha binti yao Gloria. Januari, magunia yalipobaki manne, Ezron aliyaburuta mpaka jikoni, akafagia chumba, akaingiza mbao.

Tumpale aliporudi kutoka kupalilia alisimama mlangoni na jembe begani.

"Baba Gloria. Haya mabenchi ni ya nani?"

"Si mabenchi. Ni tuta la reli."

"Juni nitaweka wapi mahindi yangu?"

"Mama Gloria, kuna watu hapa duniani wanafikiria mambo makubwa zaidi ya gunia."

Tumpale hakugombana. Aliweka jembe chini, akanawa, akapiga simu Itumba kwa mshenga.

Kwa watu wa kwao kazi ya mshenga haiishi siku ya ndoa. Aliyewaunganisha wawili ndiye huitwa wakishindwa kuelewana, hata wakiwa na mvi. Mshenga wao, Mzee Raphaeli, fundi cherehani mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alikuwa ameitwa mara mbili tu katika miaka thelathini na minane. Ezron alimdharau tangu mwanzo. Suruali ya harusi aliyomshonea ilikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na siku ya kujadili mahari mzee alisinzia, akaamka wakati wa chakula. Na sasa mtu huyo huyo, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, aliketi sebuleni kwake kuamua habari za reli.

Raphaeli alisikiliza pande zote mbili. Alikula. Kisha akasema kwamba Ezron akae na chumba mpaka mahindi yatakapovunwa. Siku hiyo yeye atarudi. Treni ikizunguka njia yote mara tatu bila kuguswa na mkono wa mtu, chumba ni cha Ezron moja kwa moja, na Ezron atamjengea Tumpale kihenge uani. Ikishindwa, mahindi yanarudi chumbani siku hiyohiyo na reli inatoka.

"Mara tatu tu?" Ezron aliuliza, akitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Sema kumi."

"Tatu zinatosha," alisema Raphaeli. "Nina gari la kuwahi."

Tangu siku hiyo Ezron alifanya kazi kwa bidii ambayo mkewe hakuwahi kuiona ikienda shambani. Kila kitu alikiandika kwenye daftari la kurasa mia: urefu wa tuta, upana wa daraja, tarehe ya kupaka rangi. Madaraja aliyaunda kwa spoku za baiskeli. Mto Songwe ulikuwa kipande cha bati kilichopakwa buluu. Miti ilikuwa vijiti vya mibuni, na majani yalikuwa vumbi la mbao lililochovywa rangi. Stesheni yake ya zamani aliitengeneza kwa siku kumi na tisa, mpaka benchi, mpaka kengele.

Fahari yake ilikuwa mlima, mmoja mkubwa badala ya milima yote ya Mlimba, uliomfika kifuani, wenye handaki la kupita kona mpaka kona. Aliujenga kwa karatasi za mifuko ya saruji, tabaka juu ya tabaka, na kuzishikiza kwa gundi waliyoitumia shuleni kujalidi madaftari, yaani uji mzito wa unga wa mahindi. Sufuria baada ya sufuria ilitoka jikoni. Tumpale aliona unga wake ukipita mbele ya macho yake kwenda kuwa jiwe.

"Umeweka dawa?" alimuuliza siku moja.

"Dawa gani?"

"Ya mahindi. Unga si mahindi?"

Ezron aliweka brashi chini. Alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama abiria walioshuka upande usio wa jukwaa.

"Mama Gloria," alisema. "Huu ni mlima."

Tumpale alitikisa kichwa kidogo na kwenda zake. Hakuuliza tena.

Ezron alikuwa amekula mahindi kwa miaka sitini na mitatu bila kujua kinachofanywa kati ya kuyavuna na kuyala. Hakuna mwanamke Songwe nzima anayeweza kuweka debe la mahindi ndani bila kuyachanganya na dawa, kwa sababu dumuzi huyatoboa yakabaki maganda na vumbi. Lakini kwake hayo yalikuwa mambo ya jikoni. Mwezi wa Aprili alianza kuona vumbi jeupe laini chini ya mlima kila asubuhi. Akalifagia na kuandika: *Vumbi la mbao, lipunguzwe.* Mwezi wa Mei mlima ulipata vitobo vidogo vingi upande wa kaskazini. Alivitazama kwa muda, akavipenda, akaandika kwamba mwamba umeanza kuonekana kama mwamba wa kweli.

Mahindi yalivunwa na kupukuchuliwa wiki ya pili ya Juni. Ijumaa magunia ishirini na mawili yalisimama barazani chini ya turubai. Kila alipotoka nje Ezron aliyapita bila kuyageukia, kama mtu anayepita watu wa kuomba. Jumapili baada ya ibada Mzee Raphaeli aliteremka garini barabarani, akapanda polepole mpaka nyumbani, akapewa maji, akasema tuanze.

Aliingia chumbani, akainama juu ya reli mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hapa ni wapi?"

"Tunduma," alisema Ezron.

"Malori yako wapi?"

"Sikuyaweka."

"Hata moja?"

"Mzee, hii ni reli."

"Basi si Tunduma," Raphaeli alisema, akasogea mbele. Tumpale alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Na watu wako wapi?"

"Watu wa nini?"

"Wa kupanda. Treni inabeba nini?"

"Abiria huchelewesha treni," alisema Ezron, na hapo alikuwa anasema alichokiamini kabisa.

"Mbona kuna huyu mmoja?" Kidole cha mzee kilisimama juu ya stesheni ndogo, palipokuwa na mtu wa kijiti cha kiberiti, ana kofia, ameinua bendera ya kijani.

Ezron alifuta vumbi kwenye paa la stesheni kwa kidole.

"Si ndiye yeye," alisema Tumpale.

Ezron aliwasha kichwa cha treni, akakiweka relini, akarudi nyuma hatua mbili na kufunga mikono mgongoni ili kila mtu aione. Treni iliondoka Tunduma na mabehewa sita aliyoyakata kwenye madebe ya mafuta. Ilipita daraja bila kutikisika. Ilipita stesheni, mbele ya mtu mwenye bendera, na Ezron bila kujijua akalivuta tumbo ndani. Iliingia mlimani upande mmoja, ikatoka upande wa pili, ikafika Tunduma.

"Moja," alisema Raphaeli.

Ezron alimtupia mkewe jicho, kisha akatupa jingine mlangoni, kwenye magunia. Moyoni alikwisha kuanza kupanga kihenge kiwe wapi. Karibu na choo pangefaa.

Mzunguko wa pili treni ilitoka handakini ikiwa na weupe juu ya paa.

"Mbili," alisema Raphaeli. "Huko ndani wanasaga?"

"Ni rangi," Ezron alisema upesi.

Mara ya tatu iliingia, na sauti yake ikabadilika, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Upande wa kaskazini wa mlima ulibonyea. Halafu mlima wote wa Mlimba, uliomgharimu miezi mitatu, ulikaa chini taratibu kama mama mnene aliyechoka, ukatoa vumbi jeupe lililowafikia wote watatu magotini. Vijiti vya mibuni vililala. Kutoka kwenye mdomo wa handaki alichomoka panya, akasimama kidogo stesheni pembeni ya mtu mwenye bendera, kisha akafuata reli bila kuteleza mpaka Tunduma na kuruka chini.

"Huyo amefika," alisema Raphaeli. "Ila siye tuliyekuwa tunamngoja."

Chini ya kifusi kichwa cha treni kiliendelea kunguruma. Ezron aliunyosha mkono.

"Mkono, Ezron," alisema mzee.

Ezron akaurudisha. Maadamu hakuna aliyeigusa, na maadamu magurudumu yanazunguka, safari haijaisha, na mtu asingeweza kusema ameshindwa. Hivyo ndivyo alivyowaeleza. Aliwaeleza kwa kirefu, akitaja kanuni za kazini kuhusu treni iliyochelewa njiani na treni iliyofutwa, ambazo si kitu kimoja. Tumpale alikwenda kuleta chai. Waliinywa wamekaa kwenye madebe, wakisikiliza mngurumo ule. Mzee Raphaeli alimaliza kikombe, akaongezewa, akamaliza cha pili. Alitazama saa yake.

"Unajua dumuzi?" alimuuliza Ezron.

"Nimesikia."

"Umesikia," alisema Raphaeli, akiligeuza neno hilo mdomoni. "Nilikuombea mke kwa watu wanaolima, nikawaambia kijana huyu ana akili. Nimelala vibaya miaka thelathini na minane."

Tumpale safari hii hakuficha mdomo.

Ilipita kama nusu saa nyingine. Mngurumo ulipungua ukawa kama wa nzi kwenye chupa, lakini haukukata, na ulikuwa wa aibu kuliko kimya. Mwishowe Ezron mwenyewe aliinuka. Alizamisha mkono kifusini mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, na chumba kikanyamaza. Mkono ulipotoka ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyekuwa akisonga ugali. Akamchukua yule mtu wa kiberiti na bendera yake, akamtia mfukoni mwa shati, akaanza kubeba mbao kuzipeleka uani bila kuambiwa.

Magunia waliyaingiza wawili, Tumpale ncha hii, Ezron ncha ile. Gunia la kwanza halijafika mlangoni Ezron alikuwa amekwisha kusema kwamba yameshonwa ovyo, na kwamba watu waliowahi kupakia mabehewa wana namna yao ya kupanga mzigo. Tumpale alimwachia apange. Kabla ya hapo alitoa pakiti mfukoni na kuiinua usoni mwa mumewe, kama anavyooneshwa mtoto dawa ya mswaki.

"Hii ndiyo dawa. Nilishaichanganya humo."

Ezron aligeuza uso pembeni. Pakiti ilipowekwa dirishani aliisoma pande zote mbili, mara mbili, na vipimo vyake akaviandika kwenye daftari chini ya neno *Mlima*.

Alipanga magunia ishirini na moja kwa ustadi, lazima isemwe, yamenyooka kama mabehewa. Kati ya safu ya mwisho na ukuta aliacha upenyo mrefu kama handaki, kutoka kona mpaka kona, wenye upana wa kama shubiri mbili.

"Nafasi hiyo ya nini?" Tumpale aliuliza.

"Hewa. Mahindi yanataka hewa."

"Tangu lini unajua yanachotaka?"

Mzee Raphaeli alikuwa amekwisha kuaga, yuko mlangoni na fimbo yake, lakini akangoja aone. Tumpale alilitazama pengo, akamtazama mumewe, akaupima kwa jicho ule mfuko wa shati, bendera ndogo ya kijani ikichungulia. Kisha akaliegemea gunia la ishirini na mbili na kulisukumia kwenye upenyo kwa goti, mpaka likakaza.