Kipini cha Alamelu

Asubuhi ya harusi yake, pale Kumbakonam, kusini mwa India, Alamelu alitobolewa pua na kuvishwa kipini cha almasi huku wanawake wamemshika kichwa. Alilia, wakamcheka.

"Nyamaza, bibi harusi! Bila kipini nani atajua una mume?"

Kidonda kilimsumbua mwaka mzima. Kila alipoomba akivue, mama mkwe alimjia juu: "Unamtakia mwanangu kifo?" Akakoma kuomba. Miaka ikapita, nyama ikaota juu ya skrubu iliyokikaza kwa ndani ya pua.

Leo ni siku ya kumi tangu mumewe afariki, siku ya mjane kuvuliwa mapambo. Bangili zimevunjwa, lakini kipini hakitoki. Wamepaka mafuta ya nazi, wamevuta mpaka damu imetoka.

"Mwiteni sonara aje na koleo," akasema wifi yake, Kothai.

"Kiacheni. Kimeshakuwa mwili wangu."

"Wifi, usitutie aibu. Mjane na kipini wapi na wapi?"

"Mliniambia nikikivua atakufa. Haya, kafa nikiwa nimekivaa. Mnataka nini tena?"

Sonara alipoingia na koleo lake, wanawake walimshika Alamelu kichwa, vilevile kama asubuhi ya harusi.