Majani Niliyochuma Silanga

Watu wakisikia kwamba nafundisha elimu ya mimea, huniuliza kama nalipwa kwa sukuma wiki. Hunikera sana. Hao hao wanajua mboga ikiwa imeshakatwakatwa na kutiwa mfukoni, wala hawajui ilikuwa na umbo gani shambani. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Tulikaa Lindi, Kibera, mama, mimi na mdogo wangu wa miaka mitatu. Uchaguzi ulikuwa umeisha na vita vimeanza. Vibanda vilifungwa, vingine vikachomwa. Shangazi aliyekuwa akituletea unga kutoka Kabiro, kule Kawangware, hakuweza tena kupita. Baada ya siku tatu za uji mwepesi nilishuka Silanga, kwenye mashamba ya kando ya bwawa, nikachuma managu, yaani mnavu, mfuko mzima. Nilikuwa kidato cha tatu, wa kwanza darasani kwa baiolojia, na nilijiona profesa. Lakini sisi ni watu wa Kitui, na managu tuliijua ikiwa imeshafungwa mafungu mezani kwa mama mboga.

Mama aliinjika sufuria, akatia nusu ya majani. Jirani wa mlango wa pili, mama mboga kutoka Magharibi mwa Kenya, akawa anapita nje. Tangu matokeo yatangazwe hatukuwa tukisalimiana naye, kwa sababu watu wake na watu wetu walikuwa pande tofauti. Alisimama, akavuta harufu, akaingia bila hodi. Akachomoa jani kwenye mfuko niliochumia, akalifikicha, akalinusa.

"Mama, hii usimpe mtoto. Itamuua."

Mama akawaka. Alimwambia kama hataki tule aseme wazi, asituletee roho mbaya mpaka jikoni. Mdogo wangu alikuwa ameshika sahani, analia njaa. Yule mama akauchukua mfuko. Alimwaga majani yaliyobaki sakafuni, akachuchumaa, akaanza kuyatenga, hili huku, lile kule, vidole vikienda mbio. Kisha akanisukumia mafungu mawili, mimi, si mama.

Nikaangalia. Mwanzoni niliona majani tu. Halafu, jamani, macho yakafunguka. Moja ukingo wake ulikuwa na mawimbi madogo, jingine lilikuwa na meno makubwa. Nikayafikicha. Moja lilinukia mboga, jingine lilinuka mpaka nikageuza uso. Mimea miwili, nami nimeichuma kama mmoja! Nilipigwa na butwaa. Mwanamke aliyeachia shule darasa la nne alikuwa anasoma jani vile mimi sikuwahi kusoma kitabu chochote.

Mama alinitazama. Akabeba sufuria, akaimwaga mtaroni pamoja na mafungu yote mawili, na siku hiyo hatukula.

Chuo kikuu nilikutana na mmea ule wa majani yenye meno makubwa, umekaushwa, umebandikwa kwenye karatasi. Mwalimu alitueleza kazi yake mwilini: ulimi hukauka, moyo hukimbia, mtu huona wasiokuwepo, na mtoto mdogo hahitaji majani mengi ili afe. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikampigia mama. Nilimshukuru kwa kumwamini jirani siku zile ambazo hakuna aliyemwamini mwenzake.

"Sikumwamini," mama akasema. "Nilikuona wewe, vile uligeuza uso ulipolinusa lile jani."