Perl, shu na batoto ba pili

Sijui kama ninaweza kujiita mutu wa Perl, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Masomo yangu yaliishia troisième ya secondaire, na kozi ya Perl niliisomea ku simu, ukurasa kwa ukurasa, Kifaransa kikinishinda mara nyingi. Nilichagua Perl juu ilikuwa tayari ndani ya ordinateri, kompyuta ya zamani niliyopewa. Haikuniomba connexion ya internet.

Yaya yangu, dada yetu mukubwa, anatuma mboga toka Butembo mpaka Beni kila siku ya kamyo, lori la mizigo. Baclient banamuandikia komande ku simu, vitu banavyotaka, yeye anaweka yote mu kichwa. Mimi nilianza kuyachapa: jina, mutaa, kitu, kiasi. Siku moja aliinama nyuma yangu.

— Mbona kila neno liko na alama ya dola mbele?

— Njo namna ya Perl, yaya.

— Basi umuambie atoe moja, tununue sukari.

Kisha alikubali nijaribu kitu kimoja cha kweli. Client wetu mumoja wa commune ya Ruwenzori, kule Beni, binti yake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza dimanche, siku ya kanisa. Alikomanda viazi na shu, zile kabichi zetu za mulimani, za kulisha bageni bote.

— Mashini itafute komande yake, tuipakie mbele, yaya alisema. Lakini bageni bakikula hewa, mashini inarudi chini ya kitanda.

Niliandika kascript kadogo, programu ya mistari michache: tafuta jina la baba wa sherehe, jumlisha vitu vyake, andika bon, karatasi ya dereva yenye anwani, kisha ondoa mistari hiyo tusipakie mara mbili. Nilikuwa nimefanya mazoezi na komande za wiki iliyopita, ikajibu vizuri. Nilijisifu kidogo, na hiyo pia lazima niiandike.

Sasa, kwetu hakuna anayehangaika kuchagua jina la mutoto. Kijana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, lilelile mu kila nyumba, tangu babu zetu. Baba wa sherehe ni mutoto wa pili. Wiki iliyopita alikuwa peke yake mu komande. Wiki hii ba pili balijaa: mwenye restaurant, fundi wa pikipiki, na pasta mumoja wa kanisa aliyeomba shu moja tu. Perl ilibapata bote, ikabafanya mutu mumoja mwenye njaa kubwa, ikamupa anwani ya mwisho iliyosoma. Ilikuwa ya pasta. Yaya aliona ule muzigo, akasema, "Njo sherehe hiyo!" Simulaumu. Wala silaumu Perl, ilifanya nilichoiomba.

Samedi mchana simu ya yaya ililia. Ni pasta.

— Mama, niliomba shu moja. Mulinitumia shamba?

Hajajibu, simu ingine ikalia. Ni baba wa sherehe.

— Mama wa mboga, misa ni kesho, na sufuria inaniangalia!

Nilisoma bon kwa sauti, na mbele ya kuimaliza tulikuwa tumeelewa sote wawili. Yaya hakunigombeza. Alimuomba pasta achunge mizigo, kisha akaita ba pili bote ku simu.

— Weye wa restaurant, enda kwa pasta. Weye wa pikipiki, enda kwa pasta, na ubebe viazi vya sherehe!

Pasta alitueleza baadaye namna alivyosimama ku mulango akiuliza, "Wa pili gani?" Bakajibu, "Wa pili wa viazi." Sherehe ilipata vitu vyake mbele ya giza. Baba wa sherehe alimualika pasta, naye, Muprotestanti wa kweli, akaenda kula kwa Bakatoliki. Alisema shu haina kanisa.

Dimanche jioni, ku meza yetu, niliuliza mboga iko wapi. Mimi pia ni mutoto wa pili, na shu ya nyumba nilikuwa nimeiandika mu komande kwa jina langu. Ilikuwa imeliwa Beni.

— Uliza Perl, yaya alisema, akanisogezea bugali. Na kesho uifundishe kuuliza kama pasta. Kitanda kiko pale.

Lundi niliandika upya: ikikuta zaidi ya mumoja, isimame. Yaya alisimama nyuma yangu tulipoijaribu. Ilisimama, ikauliza, "Wa pili gani?" Nilichapa: wa jikoni kwetu.

Yaya alicheka, akaweka shu moja pembeni ya ordinateri, akaviacha vyote viwili ku meza.